Mashauri ya Nyumbani: Blanketi la Mawimbi na Vikwembe vya Mama



Juma hili twajibu barua iliyotufikia kutoka Niania, kule Ituri, ambako njia itokayo Kisangani hukutana na njia ya Wamba na Isiro, na nyingine huendelea mashariki kwenda Mambasa na Bunia. Aliyetuandikia ni mwanamke kijana, mwanafunzi wa ushonaji, naye ana mimba ya kwanza. Jina lake twalihifadhi. Maneno yake, kwa ufupi, ni haya: mama yake mzazi amefariki, akawaachia mabinti zake watatu vikwembe 12. Vikwembe hivyo vimo sandukuni, havivaliwi, vinaanza kunuka unyevu. Yeye ameona kwa rafiki picha ya blanketi la viraka lililoshonwa kwa rangi zinazopanda na kushuka kama mawimbi ya maji, akaambiwa kwamba kazi hiyo huitwa bargello. Angependa kumshonea mtoto atakayezaliwa blanketi la namna hiyo, kwa vikwembe vya bibi yake. Lakini mama mdogo amekataa katakata. Amesema: “Nguo ya marehemu haikatwi vipande kama matambara.” Wadogo zake nao wamegawanyika. Basi atuuliza mambo mawili: je, kazi hiyo anaiweza mtu anayeanza? Na je, ni haki kuikata nguo ya mama?

Swali la pili ni zito kuliko la kwanza. Lakini tutaanza na la kwanza, kwa sababu mara nyingi ugomvi wa nyumbani hutokana na watu kutojua hesabu ya jambo wanalogombea.

Jina hilo limetoka wapi

Bargello ni jina la jumba la mawe katika mji wa Firenze, nchi ya Italia. Lilianza kujengwa mwaka 1255, likawa makao ya wakuu wa mji, baadaye likawa gereza, na tangu mwaka 1865 ni makumbusho ya taifa. Ndani yake mna viti vya karne ya 17 vilivyofunikwa kwa kitambaa cha kutarizi, chenye nyuzi za rangi zinazopanda na kushuka kama ndimi za moto. Watu walipoona viti vile wakaiita namna hiyo ya kutarizi kwa jina la jumba lenyewe. Wengine huiita kazi ya Firenze, na wengine mshono wa Hungaria.

Kazi ile ya kwanza ilikuwa ya sindano na uzi wa sufu. Blanketi la viraka ni jambo la baadaye sana, la karne ya 20, nalo linafuata ujanja mwingine: kushona kanda ndefu pamoja, kuzikata upya kwa upande wa pili, kisha kuziunganisha tena baada ya kuzisogeza kidogo. Ujanja huo wa kushona, kukata na kushona tena ulijulikana vema kwa wanawake wa Waseminole wa Florida, Marekani, walipopata cherehani. Basi mawimbi hayo hayahitaji mkono wa mchoraji wala kipande kilichopinda. Kila kipande ni mstatili, na kila mshono umenyooka. Jicho ndilo linalodanganyika na kuona mviringo.

Tena tusidhani kwamba ujuzi wa mistari ni wa ng'ambo tu. Katika msitu huo huo wa Ituri, Wambuti wana kazi ya kale ya nguo za magome. Wanaume hutwanga gome la mti kwa nyundo mpaka lilainike kama kitambaa, na wanawake hulichora kwa maji ya tunda la gardenia yaliyochanganywa na makaa. Mistari yao huanza, hukatika, hugeuka, huanza tena. Nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wataalamu huiangalia kwa mshangao. Binti wa Niania hana haja ya kujiona mgeni mbele ya kazi ya mistari.

Wala viraka si aibu. Kule Karnataka, India, wako Wasidi, kizazi cha Waafrika waliochukuliwa kuvuka bahari karne zilizopita. Wanawake wao hushona mablanketi ya nguo kuukuu yaitwayo kawandi. Huanza pembeni na kwenda wakizunguka mpaka katikati, na katika kila pembe hutia vipande vidogo vilivyokunjwa, ambavyo huviita maua. Nguo za watu wa nyumbani, zilizochakaa kwa kuvaliwa, huendelea kuwafunika watoto. Hapo hakuna anayesema kwamba nguo imedharauliwa.

Vifaa

Cherehani ya mkono au ya miguu yatosha. Tena uwe na mkasi mkali ambao haukati karatasi, rula ndefu iliyonyooka, chaki, pini, sindano ya kufumulia, uzi wa pamba ulio imara, na pasi ya makaa. Mafundi wa nchi nyingine hutumia kisu chenye ubao wa duara kama gurudumu, kilichotokea mwaka 1979. Lakini mkasi na subira hufanya kazi ile ile.

Kitambaa kiwe cha namna moja. Kikwembe cha waksi ni pamba tupu, nacho chafaa sana kwa sababu hakivutiki ovyo. Usichanganye pamba na nailoni, wala kitambaa kipya kigumu na kingine kilichokwisha kuliwa na jua. Kila kikwembe kiinuliwe mbele ya dirisha: mahali ambapo nuru inapita kama katika chujio pamechoka, pasitumiwe. Kisha vyote vifuliwe, kila kimoja peke yake, mpaka maji yatoke safi, vikauke, vipigwe pasi. Asiyefanya hivyo ataona rangi nyekundu ikitembea juu ya nyeupe siku blanketi litakapofuliwa mara ya kwanza, na hapo hakuna dawa.

Kupanga rangi

Hapa ndipo waanzao hukosea kwanza. Hupanga rangi kwa kupendeza, nyekundu karibu na kijani, buluu karibu na manjano, na mwisho wa kazi wimbi halionekani. Siri ya wimbi ni weupe na weusi: kutoka rangi iliyo nyepesi kabisa kwenda iliyo nzito kabisa, hatua kwa hatua.

Vitandaze vikwembe vyote sakafuni saa ya magharibi, nuru inapofifia. Wakati huo majina ya rangi hupotea, hubaki kipi cheupe na kipi cheusi. Mwenye simu apige picha isiyo na rangi. Itamwambia neno lile lile. Ukisha kuvipanga, vipe namba 1 mpaka 12 na kuziandika katika daftari, pamoja na kipande kidogo cha kila kitambaa kilichobanikwa kwa pini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Jueni pia kwamba ua kubwa la waksi, au ndege, au jicho, likikatwa katika ukanda mwembamba halionekani tena. Hubaki rangi yake tu. Jambo hilo tutalirudia.

Jaribio la kwanza: makombo ya fundi

Binti yetu, usiguse sanduku la mama kwanza. Nenda kwa mafundi wa sokoni, uwaombe makombo wanayofagia jioni. Chagua vitambaa 8, ukate kila kimoja ukanda wa upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 45. Vishone pamoja kwa kufuata namba, uvifanye pete kama tutakavyoeleza, ukate pete 7 za sentimita 6, kisha uziunganishe: tatu zikishuka baada ya ile ya kwanza, na tatu zikipanda. Utapata kitambaa cha sentimita 36 kwa 33 hivi, kinachotosha kufunika mto wa kiti. Kikiharibika, umepoteza makombo. Kikifaulu, unayo ithibati mkononi ya kumwonyesha mama mdogo, na ithibati hushinda maneno mengi.

Blanketi lenyewe

Blanketi la mtoto tunalolieleza lina urefu wa sentimita 108 na upana wa sentimita 80.

Kwanza, kukata kanda. Katika kila kikwembe kata kanda 2, kila moja upana wa sentimita 6, toka ukingo mmoja wa kitambaa hata ukingo wa pili. Kitambaa cha waksi huwa na upana wa sentimita 115 hivi. Ukiondoa kingo zenye maandishi, kila ukanda ubaki na urefu wa sentimita 110. Vikwembe 12 vitakupa kanda 24.

Pili, kushona kanda. Fuata namba 1 mpaka 12, kisha anza tena 1 mpaka 12. Kila mshono uingie ndani milimita 7 na nusu, yaani karibu upana wa mguu wa cherehani. Bandika plasta juu ya bamba la cherehani iwe alama, na kitambaa kipite kikigusa plasta hiyo daima. Hivyo kila ukanda wa sentimita 6 utaonekana sentimita 4 na nusu, na 24 kati ya hizo ni sentimita 108. Tena, mshono mmoja uanze kulia, na unaofuata uanze kushoto. Ukianza upande mmoja siku zote, kitambaa chote kitapinda kama upinde.

Tatu, pasi. Usilaze mishono yote upande mmoja. Kila mshono ulazwe kuelekea ukanda wenye namba shufwa, yaani 2, 4, 6, 8, 10 na 12. Mshono kati ya 1 na 2 walala kuelekea 2. Kati ya 2 na 3 warudi kuelekea 2. Na kati ya 12 na 1 walala kuelekea 12. Jambo hili laonekana dogo, lakini ndilo litakalokuokoa baadaye. Pete mbili zitakapokaa jirani huku moja imesogea hatua moja, mishono yao itaelekea pande mbili mbalimbali, nayo itakamatana yenyewe kama vidole vya mikono miwili.

Nne, kufanya bomba. Kunja kitambaa, uso ndani, uushone ukanda wa mwisho na ule wa kwanza. Sasa una bomba kubwa la kitambaa. Lilaze juu ya meza lisikunjamane, unyooshe ncha moja kwa rula ili ifanye pembe mraba na mishono.

Tano, kukata pete. Toka ncha ile iliyonyooshwa, chora kwa chaki na kukata pete 17. Upana wao, kwa sentimita, ni huu, kwa utaratibu huu: 8, 7, 6, 5, 4, 5, 6, 7, 8, 7, 6, 5, 4, 5, 6, 7, 8. Jumla ni sentimita 104, na zile 6 zilizobaki ni za kunyoosha. Kila pete ibandikwe karatasi yenye namba yake. Pete pana hufanya wimbi lililolala; pete nyembamba hufanya wimbi lililosimama. Kwa hiyo pana zimewekwa kileleni na bondeni, na nyembamba katikati ya mteremko.

Sita, kufumua. Kila pete yafumuliwa mshono mmoja tu, ikawa ukanda mrefu wenye vipande 24. Mahali pa kufumua ndipo panapolifanya wimbi. Pete ya 1 ifumuliwe ili rangi 1 iwe juu. Pete ya 2, rangi 12 iwe juu. Ya 3, rangi 11. Ya 4, rangi 10. Ya 5, rangi 9. Ya 6, rangi 8. Ya 7, rangi 7. Ya 8, rangi 6. Ya 9, rangi 5. Hapo ndipo bonde. Kutoka hapo twapanda: ya 10, rangi 6, ya 11, rangi 7, ya 12, rangi 8, ya 13, rangi 9, ya 14, rangi 10, ya 15, rangi 11, ya 16, rangi 12, na ya 17, rangi 1, sawa na ya kwanza. Fumua kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja, wala si kwa kuvuta. Na uangalie neno hili: pete zote ziwe na namba zinazoongezeka kwenda chini. Pete moja ikigeuzwa kichwa chini, wimbi lote hukatika, na mshonaji huweza kutafuta kosa usiku kucha asilione.

Saba, kuunganisha. Tandaza kanda zote 17 sakafuni kabla ya kushona hata moja, upande juu ya kiti, uzitazame kwa mbali. Ukisha kuridhika, ziunganishe mbili mbili, ukitia pini mahali pa kila mshono. Usianze na haraka ya kumaliza. Mwenda pole hajikwai.

Nane, kumaliza. Chini weka bitana, yaani kikwembe kingine au shuka, iliyozidi uso sentimita 5 kila upande. Katikati tia blanketi kuukuu lililofuliwa au shuka nzito. Hali ya hewa ya msituni haitaki pamba nyingi, bali usiku wa mvua mtoto ahitaji kitu. Anayeanza asijaribu kutia mishono ya mapambo juu ya tabaka tatu. Afunge vifundo vya uzi imara, kimoja kila baada ya sentimita 10 hivi, kisha azungushe upindo kwa kanda 4 za upana wa sentimita 6 zilizounganishwa.

Kosa letu wenyewe

Tusije tukaonekana kama walimu wasiojikwaa. Blanketi letu la kwanza la namna hii tulilishona kwa majivuno. Mshono ulipotoka nje ya alama kidogo, tulisema, “Ni milimita moja tu.” Lakini milimita 1 katika mshono hula milimita 2 za kitambaa, maana huliwa pande zote mbili, na mishono 24 hufanya milimita 48, karibu sentimita 5. Tulipolifanya bomba tulikuta ncha moja ina sentimita 108 na nyingine 103. Pete zilipokatwa, hapana mshono uliokutana na mwenzake. Tukakaa jioni tatu tukifumua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo tuliijua tangu utoto, lakini siku hizo tatu ndizo zilizotufundisha maana yake. Ndiyo maana twasema: kila baada ya kanda nne, simama, pima ncha zote mbili na katikati. Zikitofautiana, fumua mapema, kungali kuna mishono mitatu tu.

Sasa, nguo ya mama

Turudi kwenye sanduku. Mama mdogo hakusema upuuzi. Katika nchi zetu kikwembe si kitambaa tu. Kina jina lake, kina fumbo lake. Mwanamke huvaa neno asilopenda kulitamka kwa kinywa. Nguo yenyewe imetoka mbali: michoro ya waksi iliigwa kwanza kwa nguo za batiki za Java, na kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, ingali ikiitengeneza. Lakini majina wameyatia wanawake wa Afrika wenyewe. Na katika miaka hii ambayo familia nyingi za Ituri zimelazimika kuyahama makao yao kwa ajili ya vita, vikwembe vya mama mara nyingi ndiyo mali pekee iliyoweza kubebwa kichwani. Tena tumekwisha kusema kwamba ua lililokatwa halionekani tena. Maji yakimwagika hayazoleki, na mkasi ukisha kupita, kitambaa hakirudi. Anayeogopa jambo hilo anaogopa kwa haki.

Lakini, mama yetu mdogo, twaomba utusikilize nawe. Kitambaa cha pamba katika sanduku, katika unyevu wa Ituri, hakihifadhiwi: huota ukungu, huliwa na wadudu, na baada ya miaka michache hupasuka kinapokunjuliwa. Kukificha si kukiokoa.

Tena hesabu yasema jambo ambalo wote wawili hamkuliona. Blanketi hili halihitaji kikwembe kizima hata kimoja. Lahitaji kanda 2 za sentimita 6, yaani sentimita 12 tu katika kila kikwembe. Kikwembe cha yadi mbili kina urefu wa sentimita 183 hivi. Ondoa 12, zabaki 171, na upindo mdogo. Kwa wanawake wengi kinafunga kiuno kama kilivyofunga jana. Ua kubwa la katikati halikuguswa, jina lake lipo, fumbo lake lipo. Kateni mwisho wa kitambaa, pale ambapo mchoro umekwisha kukatwa na fundi wa dukani. Kwa hiyo mabinti watatu waweza kugawana vikwembe 12, vinne kila mmoja, wavivae, na blanketi likapatikana pia. Mligombana kana kwamba lazima mchague kimoja: nguo au blanketi. Haikuwa hivyo.

Hata hivyo, binti yetu, hesabu haitoi ruhusa. Vikwembe hivyo ni vya ninyi watatu, wala si vyako peke yako kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa au kwa kuwa una mimba. Uwaite wadogo zako, na mama mdogo akae nanyi. Wekeni mezani kile kitambaa ulichoshona kwa makombo ya fundi. Kila mmoja achague vikwembe vyake vinne kwanza, kabla ya neno lolote la mkasi. Kisha umwombe kila mmoja sentimita 12.

Ikiwa mmoja atasema hapana, usimlazimishe wala usimnunie. Tumekwisha kupiga hesabu kwa ajili yake pia. Vikwembe 8 vilivyobaki vyatosha: kata katika kila kimoja kanda 3 badala ya 2, yaani sentimita 18, nawe utapata kanda 24 zile zile. Namba zitakuwa 1 mpaka 8, mara tatu. Nane ni shufwa, kwa hiyo kanuni ya pasi haibadiliki. Na pete zitafumuliwa vilevile, rangi 1 juu, kisha 8, kisha 7, mpaka pete ya 9 irudi kwenye rangi 1, halafu zipande kwa 2, 3 na kuendelea. Vikwembe vitabaki na sentimita 165; basi aliye mnene apewe vile vingine. Wimbi litakuwa zuri, na ndugu yako atakuwa hakuibiwa kitu. Huenda siku moja atakuja mwenyewe na kikwembe mkononi.

Na blanketi lenyewe litakuwa la nani? Twashauri lisiwe la mtoto wako tu. Liwe la wajukuu wa mama yenu. Mtoto wako alalie kwanza, kwa sababu yeye ndiye anayetangulia. Akikua, lifuliwe, lirekebishwe, liende kwa mtoto wa mdogo wako, na baadaye kwa yule wa tatu. Mwandike katika daftari lile la namba ni kikwembe kipi alichokivaa mama siku ipi: hiki siku ya harusi ya jirani, hiki shambani, hiki siku aliyokupeleka shule kwa mara ya kwanza. Mtoto atakayelala chini ya blanketi hilo hakumwona bibi yake. Yafaa aweze kuuliza, “Hii ya manjano ilikuwa nini?” na awepo mtu wa kumjibu.

Mama mdogo ndiye ajuaye mengi ya kujibu. Basi kazi ya kuandika daftari mpeni yeye, ama ayaseme na mmoja wenu aandike. Hatujui kama atakubali mkasi. Lakini twajua kwamba mtu aliyepewa kazi katika shughuli huiona kwa macho mengine kuliko aliyepewa taarifa.

Kwa wanafunzi wa ushonaji wanaotusoma, hata wasio na sanduku la kurithi, neno letu ni hili: anzeni na makombo, pimeni kila kanda nne, lazeni mishono kwenye shufwa, wala msimgeuze pete yeyote kichwa chini. Na wewe, binti yetu wa Niania, mtoto atakapozaliwa, utuandikie tena. Utuambie vilikuwa vikwembe 12 au 8.